Dirisha la Herufi Nane

Sisi tuliokulia Kitangari enzi za redio ya mshale tunajuana tu, hata tukikutana ugenini na mvi kichwani. Mtu wa rika letu akiwekewa redio mbele yake, mkono wake huenda wenyewe kutafuta lile gurudumu la pembeni. Hulizungusha taratibu, sikio ametega, jicho moja amelifumba, na ukimsemesha wakati huo anakunyamazisha kwa kiganja. Wanangu wao hugusa kioo tu, muziki ukalia. Hawajui kwamba sauti ya mtu ni kitu cha kutafutwa. Nikianza kuwaeleza hutazamana pembeni, na yule wa mwisho aliwahi kuniuliza, kwa heshima zote, kama enzi zetu moto ulikuwa umeshagunduliwa.

Ulikuwa umeshagunduliwa, mwanangu, na korosho tulizichomea hapohapo, moshi wake ukitutoa machozi na mafuta yake yakitubabua midomo. Tulikwenda shule na ufagio mkono mmoja na kidumu cha maji mkono wa pili, kwa sababu huko juu Mungu alitupa upepo na korosho, maji akayaweka bondeni. Asubuhi tulishuka kuyafuata, tukapanda nayo shingo zimekakamaa, na ole wake aliyejikwaa njiani. Kuoga kulikuwa na utaratibu wake: kata ya kwanza uso, ya pili miguu, hapo katikati ujitegemee. Jioni tulicheza rede na kombolela mpaka mama zetu waite, kisha tukala ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa kwa chumvi, ya moto, tukiihamisha kutoka kiganja hiki kwenda kile. Msimu wa mabibo sare zetu zote zilikuwa madoadoa. Mama alisema doa la bibo halitoki mpaka msimu wake uishe, ukilifua kabla unajichosha bure. Nimekuja kuona ukubwani kwamba maneno yale hayakuwa ya nguo peke yake.

Redio yetu ya kwanza ilikuwa ya mbao, imevalishwa kitambaa alichokidarizi Mama, na ilikalia kigoda chake ambacho mtu mwingine hakuruhusiwa kukigusa. Namba za kwenye kioo zilishafutika. Baba alitia nukta ya rangi ya kucha pale mshale ulipokutana na stesheni ya taifa, na nukta hiyo ndiyo iliyokuwa jina la stesheni. Hatukuhitaji jingine. Betri zikichoka tulizianika juu ya bati pamoja na makopa ya muhogo, na Mama alipopanda kugeuza makopa aligeuza na betri.

Saa ya matangazo ya vifo hakuna aliyethubutu kutafuna. Bibi, mama yake Mama, alikuwa na nyumba yake upande wa pili wa ua. Alikuja na kigoda chake, akajitanda khanga, akasikiliza majina ya marehemu wa nchi nzima, wa mikoa ambayo hakujua hata iko upande gani, na kila jina alilijibu kwa kuinamisha kichwa. Nilimwuliza siku moja, unawajua hawa wote? Akanijibu kwa ule utani wa bibi na mjukuu wake: "Siwajui, mke mwenzangu. Lakini jina likitajwa lazima awepo wa kulipokea." Nilicheka. Mtoto anacheka chochote.

Ndipo mambo yakafunguliwa. Wakubwa waliita soko huria, sisi tuliita mambo yamefunguliwa, na kwa kweli ilikuwa kama mlango uliokuwa umebanwa kwa miaka. Soko la Masasi lilijaa mitumba, ndoo za plastiki za kila rangi, baiskeli mpya na viatu vyenye taa kwenye soli. Wanunuzi wa korosho waliokuja kwa malori yao wenyewe walipiga honi kabla hawajasalimia, jambo ambalo wazee hawakulisamehe. Na vijana wetu wakaanza kuondoka. Walikwenda Dar es Salaam kutembeza bidhaa mabegani, mikanda, vitana, miwani ya jua, na mji mzima ukawaita machinga, jina la watu wa kusini, hata yule aliyetoka kwingine kabisa.

Mjomba Namwangala alikuwa mmoja wao. Alikuwa kitindamimba wa Bibi, mrefu, mwembamba, mwenye kicheko kilichoanzia puani. Mimi nilipokuwa mdogo alinipandisha mabegani tukienda kuchota maji, na katika kombolela alinifundisha kujificha mahali palipo wazi, akisema mtafutaji huanza na vichaka. Nilimpenda kuliko mtu yeyote ambaye hakuwa akinilisha. Alipoondoka alimwambia Bibi atamletea viatu. Mwanzoni habari zake zilikuja kwa midomo ya wasafiri. Mmoja alimwona Kariakoo amenenepa, mwingine alimwona Kariakoo amekonda, kisha hakuna aliyemwona tena. Misimu ya korosho ikapita. Bibi alikuwa na mkeka wa Mjomba ndani kwake, na kila Ijumaa aliutoa, akaukung'uta, akauanika, akaurudisha. Hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Mwaka mmoja korosho zilifanya vizuri, na Baba akashuka Masasi na gunia la mawazo. Alirudi amepakata redio mpya kama mtoto mchanga. Ilikuwa ya plastiki nyeusi inayong'aa, na haikuwa na mshale. Mahali pa mshale palikuwa na kidirisha chembamba, na Baba alipoiwasha kidirisha kikawaka rangi ya kijani na herufi zikajitokeza zenyewe. Ua ulikuwa umejaa majirani. Watu walirudi nyuma hatua, kisha wakasogea mbele kuliko mwanzo. Baba, ambaye alikuwa ameyakariri maneno ya muuzaji njia nzima, alieleza kwamba hizi stesheni mpya za FM hurusha jina lao hewani pamoja na sauti, redio ikalidaka na kuliandika. Ila kidirisha kina nafasi ya herufi nane tu. Jina likizidi, linakatwa.

Ile iliyosikika vizuri kuliko zote kwetu ilijitangaza kwa mbwembwe kila baada ya wimbo kuwa ni Redio Upepo wa Nyanda za Kusini. Kwenye kidirisha iliandika UPEPO FM, basi. Nyingine ilikuwa Redio Mlango wa Habari, na hiyo waliikata vibaya, ikawa MLNGOHAB, neno ambalo sisi watoto tulilifanya wimbo wa kurukia kamba. Upepo ukivuma kutoka ng'ambo ya Ruvuma iliingia stesheni ya Kireno, nayo kidirisha kiliiandika herufi zilizobanana kama meno ya msumeno, ikapotea kabla hatujamaliza kuisoma. Mimi ndiye niliyesoma. Niliwasomea wazee kila jina lilipobadilika, kwa sauti ya hotuba, na nilijiona mtu mkubwa sana kijijini.

Bibi alisikiliza maelezo yote ya Baba juu ya nafasi ya herufi nane. Alimwacha amalize, maana mkwe hakatizwi. Kisha akatoa uamuzi wake. Akasema ameelewa: stesheni hizi zimepitia jando.

Ninyi mliokulia kwetu hamhitaji kuelezwa, lakini watoto wangu wanahitaji. Kwetu mvulana huingia likumbi, kambi ya jando, na jina la utotoni. Yanayotendeka huko mimi mwanamke siyajui, na hata ningeyajua nisingeyasema. Ninachokijua ni kwamba akitoka anatoka na jina jipya, na lile la zamani limekufa. Ukimwita kwa jina la utotoni umemtukana yeye na ukoo wake, na mama zetu walikuwa na vidole vikali sana vya kutufinya kwa kosa hilo. Basi kwa Bibi jambo lilikuwa wazi kabisa. Redio ile ilizaliwa Upepo wa Nyanda za Kusini, imekua, imetoka likumbi, sasa inaitwa Upepo FM. Jirani aliyelitaja jina refu mbele yake alikaripiwa. Baba alijaribu tena habari ya kidirisha, Bibi akamwambia kwa upole kwamba muuzaji wa Masasi alikuwa anauza, asingemweleza kila kitu. Haukupita muda mtaa mzima ulikuwa ukitumia jina la kidirishani kwa adabu. Mtangazaji mwenyewe alipolitamka refu, wazee walitikisa kichwa na kusema kijana huyo hakufundwa.

Nayacheka hayo hadi leo. Lakini jando hilohilo ndilo lililotuletea shida.

Mdogo wangu, ambaye wakati huo aliitwa Kadogo, alifikia umri, akaingia likumbi na wenzake. Nyumba ilipoa. Mama hakutia chumvi nyingi kwenye mboga, kwa miiko wanayoijua akina mama, na mimi nilijikuta namkumbuka mtoto ambaye akiwepo tulipigana kutwa. Siku za wali, yaani vijana wa likumbi, kutoka zilipokaribia, akaja Babu Chilumba kutoka Newala. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa Bibi, msemaji wa ukoo, mtu mpole aliyetembea na mwavuli hata kiangazi. Alikunywa maji, akasifu redio, akaulizia mvua. Kisha akalisema lililomleta. Akamwambia Bibi kwamba Kadogo angetoka na jina la Namwangala.

Mpwa kurithi jina la mjomba wake ni heshima, na siku nyingine Bibi angepiga vigelegele. Ila kwa desturi ya ukoo wetu jina la mtu aliye hai halipewi mwingine pasipo ridhaa ya mwenyewe. Linalorithiwa bila kuulizwa ni la marehemu. Kumpa Kadogo jina lile kulikuwa kusema, mbele ya ngoma na watu wote, kwamba Mjomba amekufa na ukoo umekubali. Nilimwona Mama akiinama kuokota kitu kilichokuwa hakipo.

Babu hakuwa mkatili. Alieleza kwamba misimu imekuwa mingi, kwamba jina likikaa bila mtu linapotea na ukoo unapungua, na kwamba mama aliyemkubali marehemu wake hulala vizuri kuliko anayengoja. Yawezekana alikuwa sahihi. Bibi alimjibu kwamba mkeka wa mwanawe bado ulikuwa na harufu yake. Babu akasema harufu haizungumzi barazani. Kama kuna lolote la kuonyesha kwamba kijana yu hai, alionyeshe kabla wali hawajatoka, naye atakuwa wa kwanza kushukuru.

Jumamosi iliyofuata, alasiri, mimi na Bibi tulikuwa uani tukipukuchua mbaazi. Redio ilikuwa juu ya kigoda, ikisoma kadi za salamu. Mnakumbuka zile kadi? Mtu aliandika majina ya jamaa zake, akatia na ujumbe, na ujumbe wa watu wote ulikuwa mmoja, mvumilivu hula mbivu. Betri zilishachoka, sauti ilikuwa imezama, kidirisha kimefifia kikawa rangi ya majani makavu. Mtangazaji akasoma kwamba Namwa wa Kariakoo anamsalimu mama yake mzazi popote pale alipo huko Kitangari, ujumbe wake mvumilivu hula mbivu. Akapita kwa mwingine.

Bibi aliuweka ungo chini. Mbaazi zikamwagika na hakuziangalia. Alikaa hivyo mpaka salamu zikaisha, na zilipoisha aliniambia nikamwite mama yangu.

Mama alifurahi kwa nusu dakika. Halafu furaha ikamtoka, nikaiona inavyomtoka. Alikaa karibu na Bibi, akamkumbusha polepole kwamba akina mama wa Kitangari ni wengi na wenye watoto Kariakoo ni wengi vilevile. Na Namwa ni nani? Hakuna aliyetoka likumbi akaitwa Namwa. Kisha akasema neno ambalo nadhani alilijutia: "Si wewe mwenyewe, mama, unayesema jina likibadilika wa zamani hayupo tena?"

Bibi akaanza kuziokota mbaazi zilizomwagika. Nilielewa, mtoto kama nilivyokuwa, kwamba amenaswa na mtego alioutega mwenyewe. Mtaa mzima ulikuwa umemsikia akifundisha kwamba jina la kwenye kidirisha ni jipya na la zamani limekufa. Kama alikuwa sahihi juu ya redio, basi Namwa alikuwa mtu mwingine, na Namwangala alikuwa marehemu. Usiku ule hakuja kusikiliza matangazo ya vifo. Ilikuwa mara ya kwanza.

Asubuhi alinipa kazi. Nizitoe betri, nizianike, nizigeuze, na kuku wasizisogelee. Niliziangalia betri zile kuliko nilivyowahi kuangalia kitu chochote cha shule. Wingu likipita nililitukana kimoyomoyo.

Wazee walikutana uani kwa Bibi, alasiri, wali wakiwa wa kutoka kesho yake. Babu Chilumba alikuwa amesikia habari ya kadi, maana kwetu habari hutembea haraka kuliko lori. Akasema amefurahi kwamba Kitangari imesalimiwa, lakini salamu ile si ya kwetu. Mwana wa ukoo huu anapewa jina mbele ya watu, analibeba lote. Hawezi kulikata katikati kama muhogo akaliuza mjini. Wazee wakaitikia. Hata Baba, ambaye alikuwa mkwe tu na amekaa pembeni, aliangalia chini.

Bibi akaniambia nilete redio.

Niliiweka katikati ya wazee. Nikaibonyeza, na kwa muda hakikuwaka kitu. Nikaibonyeza tena. Kidirisha kikatoa kijani chembamba, kikatetemeka, kikashika. Bibi akaniuliza kidirisha kinasemaje, nikamsomea Upepo FM. Akawaomba wazee wangoje. Wimbo ulikuwa mrefu, na Babu alifungua mwavuli wake akaufunga. Mwishowe wimbo ukaisha na mtangazaji akajitapa kama kawaida yake, hii ni Redio Upepo wa Nyanda za Kusini, yote, mpaka neno la mwisho, na herufi za kidirishani hazikusogea.

"Kaka," Bibi akasema, "mimi nilikosea. Mmenisikia hapa nikisema redio imepita jando. Haikupita. Mkwe wangu alinieleza nikamdharau. Redio ni ileile na jina lake ni lilelile, anayeitangaza analijua lote. Dirisha ndilo dogo." Akamgeukia kaka yake. "Na Dar es Salaam nayo ni dirisha dogo. Wameona nusu ya mwanangu, wakaandika nusu. Mimi niliyemzaa ndiye ninayelijua lote. Msimzike kwa sababu ya dirisha."

Bibi alikuwa mwanamke asiyekubali kushindwa hata kwa mvua, na hapo alikuwa amejivua ubishi wake mbele ya watu kama mtu anavyovua khanga ya pili kumfunika mgonjwa. Machozi yalinitoka na sikujali nani ananiona. Babu Chilumba alitazama kidirisha kwa muda mrefu. Alikisogelea, akaniuliza mimi, katoto, herufi zinazoingia ni ngapi. Nikamwambia nane, na zaidi ya hapo haziingii. Akauliza kama ni kweli haziingii hata ukibana. Nikasema hata ukibana.

"Basi mtoto apewe jina langu," akasema. "Mimi bado niko hai na ridhaa yangu ndiyo hii. Nimeshazeeka, kuitwa Babu kunanitosha."

Kesho yake wali walitoka. Vumbi, ngoma, vigelegele, nguo mpya zenye mikunjo ya dukani. Kadogo alipita mbele yangu amepakwa mafuta, amenyoosha shingo, hanitazami, na mtangazaji wa siku hiyo, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, akamtaja: Chilumba. Bibi alipiga vigelegele mpaka akakohoa. Nilimwita Kadogo kwa bahati mbaya jioni ileile, wakati wa kula, na alama ya ukucha wa Mama nadhani ipo hadi leo. Sasa ni mwalimu mkuu huko Ndanda, ana kitambi na miwani, na bado sithubutu.

Toka siku ile Bibi akawa mtu wa jina refu. Aliyesema Upepo FM alikaripiwa kwa nguvu ileile aliyokaripiwa nayo zamani aliyetaja jina refu, na jirani zetu wakalalamika kwamba mama huyu habadiliki isipokuwa kwa kubadilika. Majina ya watu pia aliyatamka yote, la mtu mwenyewe, la baba yake na la ukoo wake, hata akimtuma mtoto chumvi. Tulichelewa kutumwa lakini tulijijua.

Mjomba alikuja msimu uliofuata, mabibo yakiwa yameiva na hewa nzima inanuka utamu wa kuchacha. Lori la kutoka Masasi lilimshusha barabarani. Alikuwa amekonda kweli, na ndevu, na begi kubwa la mistari. Watoto walimkimbilia mbele wakipiga kelele, mgeni, mgeni. Mimi nilimjua kwa mwendo. Alipoingia uani Bibi alikuwa amesimama tayari, kwa sababu mtu alishamwahi na habari. Mjomba akapiga magoti, akasema shikamoo mama. Bibi hakuitikia marahaba kwanza. Alimtaja. Namwangala, akataja na baba yake, akataja na ukoo na kilima tulichotoka, akilitoa kila neno taratibu, na mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha mwanawe muda wote huo. Ndipo akasema marahaba.

Mjomba alilia kama mtoto. Baadaye, akila ugali wa muhogo na kisamvu kama mtu aliyetoka kufunga, alieleza kwamba kule mjini wana haraka, jina refu linamchosha mteja, wakamwita Namwa naye akaitika. Aliugua, akaibiwa bidhaa, akaona haya kurudi mikono mitupu. Kadi alizituma nyingi, kila alipopata, akijua Bibi hakosi kusikiliza. Moja ndiyo iliyosomwa. Akasema hajasikia jina lake lote tangu alipoondoka, na kwamba alikuwa karibu kulisahau. Viatu vya Bibi alivileta. Vilikuwa vidogo. Bibi alivivaa hivyohivyo, akikanyaga visigino, mpaka vikaisha.

Siku hizi gari langu lina redio, na redio ina kidirisha, na kidirisha bado kinakata majina. Stesheni zimekuwa nyingi kuliko wasikilizaji. Wanangu wanataja herufi mbili tatu na wanaelewana, wao wenyewe wanaitana kwa nusu, na nikiwaita majina yao yote wanadhani wamekosea kitu. Ming'oko wanaila kwa uma. Wakimtaka mtu wanampata papo hapo, hakuna anayekaa na kigoda kumngoja. Siwalaumu. Hakuna aliyewahi kuwapotea kiasi cha kumtafuta kwa mshale, nami namwomba Mungu asiwepo. Lakini huwa nawaonea huruma kidogo.

Bibi amekwishatangulia. Jina lake lilitajwa redioni, lote, Mjomba alilisimamia mwenyewe, na sote tulikuwa tumekaa kulipokea. Mjomba sasa ni mzee na amerudi Kitangari, ana mikorosho yake. Hunipigia Ijumaa. Simu inalia, na kioo chake, pamoja na ukubwa wake wote, kinaandika Mjomba Namwa, halafu vinukta, kwa sababu jina halikuenea. Wanangu husema mama, pokea, mbona unaiangalia tu. Siiangalii. Nalitamka kwanza lililobaki, polepole, mpaka mwisho, ndipo napokea.